Kifuniko cha Keki

Nilikata utepe kwenye kifuniko cha keki
kilichobaki mahafali ya kidato cha nne,
upana wa ukucha, mwangavu, mgumu.
Juu nikaubana kwa koleo la fundi baiskeli,
chini nikaning'iniza ndoo.

Maabara yetu hapa Tabora haina mashine ya kuvutia vitu.
Ina kichomeo kimoja kinachokohoa,
wasichana arobaini na wawili,
na dirisha linalotazama stesheni.

Jagi la kwanza, kimya.
La pili, la tatu, kimya.
Shija akapiga mwayo hadi nikaona jino lake la mwisho.
"Mwalimu, hii imekufa."

Haijafa. Imeganda katikati ya kusogea.
Nikawapeleka dirishani:
mabehewa ya Mwanza, ya Mpanda, ya Kigoma,
yamesongamana uwanjani kifua kwa mgongo,
hakuna linaloweza kupisha
maana la kulipisha nalo limezibwa.
Ndivyo zilivyo molekuli ndani ya plastiki ngumu,
minyororo mirefu iliyolaliana kama tambi za jana,
kila mmoja unangoja jirani asogee.
Hutulia, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kutu.

Jagi la saba.
Kengele ya chakula ilikuwa bado
utepe ulipofanya shingo.
Ukasinyaa kiuno, ukarefuka, haukukatika,
na darasa zima likapanda juu ya stuli.
Sikuutia moto. Niliuvuta tu,
na kilichotaka miaka kikataka dakika.

Ubaoni nikawaandikia, wakariri kwa ajili ya mtihani:

*Mnyororo umeganda, umeshikwa na baridi,*
*Ukivutwa wajitanda, wasahau ukaidi,*
*Ukiachwa hujiunda, na ugumu ukazidi,*
*Joto tu litaufunda, umbo lake likarudi.*

Nyumbani Cheyo, baba.
Miaka thelathini na moja aliunganisha mabehewa
kwa mkono huu huu
uliokunjana kifuani tangu kiharusi cha Pasaka.
Dada wa mazoezi kutoka Kitete alinifundisha:
usikurupuke, vuta kisha ubaki hapo hapo,
hesabu hadi sitini, usimtazame usoni.

Ninamtazama usoni.

Kumi: jiwe.
Ishirini na tano: jiwe linalonuka mafuta ya nazi.
Kwenye arobaini kitu ndani kinapisha kitu,
kidole cha kati, halafu cha pete,
na kiganja kinafunguka, cheupe,
chenye mistari niliyoisahau.
Nikimwachia nikapike,
asubuhi naukuta mkono umefungwa
kana kwamba hakuna aliyewahi kuuomba chochote.

Sikushangaa. Ninalifundisha somo hili.

Siku ya pili nilichovya utepe kwenye maji yaliyokaribia kuchemka.
Ukajikunja, ukafupika, ukahangaika
kuwa tena kifuniko cha keki ambayo tulishaila.
"Kwa hiyo ilikumbuka?" akauliza Shija.
Nikamjibu kama kitabu kinavyojibu,
kwamba minyororo haina akili,
kwamba huko kujikunja ndiko kulegea kwake.
Akaandika jambo refu kuliko nililolisema.
Sikulikagua.

Siku hizi naanza na taulo la moto.
Nalikamua, nalizungusha begani, kwenye kiwiko,
mvuke unapanda, redio ya jirani inasoma vifo.
Kisha navuta, nabaki.
Ubeti wangu unaahidi umbo litarudi
ila haukusema lipi:
la mpanga mabehewa, au la huyu
anayelishwa uji kwa kijiko cha mtoto.

Jana, kwenye hamsini na mbili,
vidole vyake vilifunguka, vikasita,
vikanasa kifundo cha mkono wangu kama ndoana ya behewa.
Akafumbua mdomo, upande mmoja,
akatoa neno la uwanjani, la kumwambia dereva wa injini:
"Sogeza. Kidogo."

Nikasogea kidogo.
Nikapoteza hesabu.